Christopher Columbus na Shehena Isiyoandikwa

Wareno walipoanza kukikalia kisiwa cha Porto Santo, jirani ya Madeira katika Bahari ya Atlantiki, katika miaka ya 1420, mmoja wa viongozi wao alikuwa Bartolomeu Perestrelo. Bwana huyu alichukua pamoja naye sungura jike aliyezaa safarini, na walipofika nchi kavu akamwachilia pamoja na watoto wake. Kisiwani hamkuwa na mbweha, wala paka mwitu, wala mnyama mwingine yeyote wa kumla sungura. Haikupita miaka mingi ila kisiwa kizima kilifurika sungura. Kila kilichopandwa kilitafunwa kabla ya kukomaa, na walowezi wakalazimika kufungasha virago na kukihama kisiwa kwa muda, wameshindwa si na adui mwenye upanga bali na kiumbe waliyemleta wenyewe kiwe kitoweo chao. Baadaye Perestrelo alirejea, akapewa utawala wa kisiwa, akafia huko akiwa ameacha watoto. Miongoni mwao alikuwa binti aliyeitwa Filipa Moniz. Takriban mwaka wa 1479 binti huyu aliolewa na baharia kijana kutoka Genoa aliyejulikana kwa jina la Christopher Columbus.

Aghalabu maisha ya Columbus husimuliwa kuanzia merikebu zake tatu za mwaka wa 1492. Ni mwanzo unaopendeza watoto wa shule, lakini humficha mtu mwenyewe. Mtu huyu alioa katika nyumba ya sungura. Aliishi visiwani na mkewe, mwanawe wa kwanza, Diego, akazaliwa huko, na hapana shaka kisa cha mkwewe marehemu kilikuwa bado kinasimuliwa. Iwapo alijifunza lolote kutokana nacho, matendo yake ya baadaye hayaonyeshi.

Columbus alizaliwa Genoa mnamo 1451. Babake, Domenico, alikuwa mfumaji wa nguo za sufi. Mamake, Susanna Fontanarossa, naye alitoka katika jamii ya wafumaji. Haikuwa familia fukara, lakini haikuwa na cheo, na tamaa ya cheo ni jambo ambalo halikumbanduka Columbus hadi kaburini. Alianza safari za bahari akingali kijana. Mwaka wa 1476 msafara wa merikebu alimokuwa ulishambuliwa karibu na pwani ya Ureno. Akaokoka, akafika Lisbon, ambako ndugu yake Bartolomeo alikuja kufanya kazi ya kuchora ramani. Lisbon ya wakati huo ilikuwa ndiyo shule kuu ya ubaharia barani Ulaya. Columbus alisafiri hadi pwani ya Guinea, akaiona ngome ya São Jorge da Mina katika nchi ambayo leo ni Ghana, akazijua pepo za Atlantiki kwa kuzipitia.

Safari moja ya siku hizo yafaa kuangaziwa zaidi. Mwaka wa 1478 alitumwa Madeira kununua sukari kwa niaba ya wafanyabiashara wa Genoa. Miwa haikuwa mmea wa Madeira. Chimbuko lake ni visiwa vya Pasifiki upande wa Guinea Mpya. Ulipita Bara Hindi na Uajemi, Waarabu wakaueneza hadi mwambao wa Mediterania, na Wareno wakauhamishia Madeira baada ya kuufyeka na kuuchoma msitu uliokipa kisiwa hicho jina lake, kwani neno madeira katika Kireno lina maana ya mbao. Waliokata miwa ile na kuchochea moto chini ya masufuria yake walikuwa, kwa sehemu kubwa, watumwa kutoka visiwa vya Canary na mwambao wa Afrika. Ardhi ya kisiwa, mmea wa kigeni, mtumwa wa kigeni, na soko la mbali: utaratibu huo wote Columbus aliukuta tayari umekamilika, akaushika kwa mikono yake akiwa na umri wa miaka ishirini na saba.

Ikumbukwe kwamba kuhamishwa kwa mimea na wanyama kupitia baharini halikuwa jambo jipya duniani. Pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa imekwisha kupokea ndizi na nazi kutoka ng'ambo ya Bahari ya Hindi karne nyingi kabla ya hapo, zikibebwa na watu waliozijua pepo za kaskazi na kusi. Tofauti ni kwamba huko mwendo ulikuwa wa pole, wa kizazi hadi kizazi, baina ya watu waliokuwa wamezoeana na hata kuambukizana maradhi yale yale kwa muda mrefu. Atlantiki haikuwa hivyo. Pande zake mbili zilikuwa zimetengana kwa maelfu ya miaka. Upande mmoja haukumjua farasi, ng'ombe, nguruwe, ngano wala ndui. Upande wa pili haukujua mahindi, muhogo, tumbaku wala kakao. Aliyeibomoa pazia hiyo alikuwa mtu aliyekosea hesabu.

Kosa lenyewe lilikuwa hili. Columbus aliutegemea upimaji wa mwanafalaki al-Farghani wa karne ya tisa, aliyeukadiria urefu wa digrii moja ya mzingo wa dunia kwa maili za Kiarabu. Columbus alizihesabu kana kwamba ni maili za Kiitalia, ambazo ni fupi zaidi, na hivyo dunia yake ikanywea. Juu ya hayo akairefusha Asia upande wa mashariki kuliko ilivyo. Jumla ya makosa haya ilimpa umbali wa kilomita zisizofika 5,000 kutoka visiwa vya Canary hadi Japani, ilhali umbali halisi unakaribia kilomita 20,000. Wataalamu wa Mfalme João wa Pili wa Ureno walipolichunguza ombi lake mwaka wa 1484 walilikataa, na walifanya hivyo kwa sababu hesabu zao zilikuwa sahihi kuliko zake. Ile hadithi kwamba wapinzani wake waliamini dunia ni bapa kama sinia haina msingi. Kila msomi wa enzi ile alijua kwamba dunia ni duara.

Filipa alifariki. Columbus akamchukua Diego, wakaenda Uhispania mnamo 1485, na huko akapoteza takriban miaka saba katika vyumba vya kungojea vya wakubwa. Alipata mwana wa pili, Fernando, mwaka wa 1488, kwa Beatriz Enríquez de Arana wa Córdoba, mwanamke ambaye hakumwoa. Hatimaye, baada ya Granada kutekwa mnamo Januari 1492, Malkia Isabella na Mfalme Ferdinand walikubali. Mkataba wa tarehe 17 Aprili ulimpa cheo cha amiri wa bahari na sehemu ya kumi ya mali yote itakayopatikana, na cheo hicho kikawa cha kurithiwa. Mwana wa mfumaji alikuwa amepanda daraja.

Aling'oa nanga Palos tarehe 3 Agosti 1492 akiwa na watu takriban tisini, akapitia visiwa vya Canary, na tarehe 12 Oktoba wakaiona ardhi, kisiwa kimojawapo cha Bahamas ambacho wenyeji walikiita Guanahani. Mengi yameandikwa kuhusu safari hii. Yatosha kutaja mambo mawili tu. La kwanza ni la lugha. Kwa kuwa alitarajia kuwafikia wakuu wa Asia, Columbus alimchukua mkalimani, Luis de Torres, aliyejua Kiebrania na Kiarabu. Mwezi wa Novemba mkalimani huyo na mwenzake Rodrigo de Jerez walitumwa ndani ya kisiwa cha Cuba kumtafuta mfalme mkubwa wa Mashariki. Hawakumwona mfalme. Walikuta kijiji cha Wataino waliowakaribisha kwa heshima, ambao hawakufahamu neno hata moja la Kiarabu, na njiani wakaona watu wanaume kwa wanawake wakivuta moshi wa majani yaliyosokotwa. Hiyo ndiyo tumbaku, ambayo jina lake limefika katika Kiswahili likiwa halijabadilika sana.

La pili ni pilipili. Columbus alikuwa akitafuta pilipili manga ya Bara Hindi, bidhaa iliyouzwa ghali barani Ulaya. Wataino walikuwa na kiungo kikali cha rangi nyekundu walichokiita ají, mmea usio na udugu wowote na pilipili manga. Yeye akauhesabu kuwa ni pilipili, tena bora zaidi, na kosa hilo likaganda katika lugha nyingi za dunia. Kiswahili nacho kimeviweka vitu hivyo viwili chini ya jina moja, kikavitofautisha kwa sifa tu. Hali kadhalika nafaka iliyowalisha Wataino, ambayo wao waliita mahiz, ilipofika pwani ya Afrika Mashariki ilipokea jina lenye kuelekeza Bara Hindi: mahindi. Mtu aliyewaita Wataino Wahindi kwa kukosea njia alipata, bila kukusudia, mwenzake katika msamiati wa Waswahili. Wanafunzi wa isimu huambiwa kwamba maneno ni kumbukumbu ya historia. Mara nyingine huwa ni kumbukumbu ya mtu kupotea.

Siku ya Krismasi merikebu kubwa, Santa María, ilipanda mwamba kaskazini mwa kisiwa ambacho leo kimegawika kuwa Haiti na Jamhuri ya Dominika. Chifu wa Kitaino aliyeitwa Guacanagarí aliwatuma watu wake kuokoa shehena. Mbao za merikebu zikajengewa boma lililoitwa La Navidad, wakaachwa humo watu thelathini na tisa. Columbus akarudi Uhispania na habari zake, kasuku, chembe za dhahabu, na Wataino wachache waliochukuliwa mateka. Mmoja wao, kijana wa Guanahani, alibatizwa, akapewa jina la Diego, jina lile lile la mwana wa Columbus, akawa ndiye mkalimani wa kweli wa safari iliyofuata.

Safari hiyo ya pili ndiyo iliyogeuza dunia, ingawa hukumbukwa kwa uchache. Ile ya kwanza ilikuwa ya kutazama. Hii ilikuwa ya kuhamia. Tarehe 25 Septemba 1493 zilitoka Cádiz merikebu kumi na saba zilizojaa watu zaidi ya 1,200, wote wanaume: askari, mafundi, wakulima, mapadri na waungwana wasio na kazi waliokuwa wakiota dhahabu. Katika sitaha na ngama za merikebu hizo walikuwamo farasi, ng'ombe, kondoo, mbuzi na kuku. Zilikuwamo mbegu za ngano, dengu, vitunguu na matikiti, vipandikizi vya mizabibu, na vipande vya miwa. Katika kisiwa cha Gomera walinunua nguruwe wanane. Nambari hiyo imehifadhiwa na padri Bartolomé de las Casas, ambaye babake alikuwa katika msafara ule, na aliyekuja kuandika kwamba nguruwe wote wa visiwa vile walitokana na hao wanane.

Farasi walipokanyaga mchanga wa kisiwa kile, walikuwa ndio wa kwanza wa jinsi yao kuonekana upande huo wa dunia kwa maelfu ya miaka, kwa kuwa farasi wa kale wa Marekani walikuwa wametoweka baada ya enzi ya barafu. Njiani, katika kisiwa cha Guadeloupe, Wazungu walionja kwa mara ya kwanza tunda ambalo jina lake la Marekani ya Kusini lilipitia kwa Wareno likazunguka dunia na kuwa nanasi. La Navidad walikuta majivu na maiti. Wale thelathini na tisa walikuwa wamegombana wao kwa wao na kuwadhulumu wenyeji, nao wenyeji wakawamaliza. Basi Columbus akaanzisha mji mpya upande wa mashariki mwanzoni mwa Januari 1494, akauita La Isabela kwa heshima ya malkia.

Mji huo ulikuwa wa kusikitisha tangu siku zake za kwanza. Katika muda wa siku chache mamia ya watu waliugua homa, Columbus mwenyewe akiwa miongoni mwao. Baadhi ya wanahistoria wa tiba wamedhani kwamba ilikuwa homa ya mafua iliyotoka kwa nguruwe wale wa Gomera. Wengine huwaza maradhi ya kuhara na njaa ya safarini. Lisilo na ubishi ni kwamba vijiji vya Wataino vilivyokuwa jirani vilianza kupoteza watu kwa haraka isiyo ya kawaida. Katika orodha za merikebu kila pipa la divai lilihesabiwa na kila gunia la ngano liliandikwa. Shehena nzito kuliko zote haikuwa na mwandishi wala mlipaji, nayo ilisafiri ndani ya damu, mapafu na matumbo ya wasafiri.

Kwa upande wa mimea, kisiwa kilichagua chenyewe. Matikiti yaliota upesi, yakawastaajabisha wapandaji. Ngano na mizabibu, mimea ambayo bila hiyo Mhispania hakuona chakula wala misa, haikustahimili joto na unyevu. Ngano iliyotoka Uhispania ikaoza maghalani. Walowezi wakalazimika kula mkate wa muhogo, ambao Wataino waliulima katika matuta ya mviringo, wakiukuna, wakiukamua sumu yake na kuuoka ukawa mkavu na mwembamba. Mwanzoni wageni waliudharau. Baadaye uligeuka kuwa chakula cha safari cha majeshi yao yote, kwani hauharibiki upesi. Nguruwe nao hawakuwa na haja ya mlinzi. Waliingia msituni wakazaana, na kwa kuwa mashamba ya Wataino hayakuwa na ua, wakayafukua yale matuta ya muhogo usiku na mchana. Sungura wa Perestrelo walikuwa wamerudi katika umbo jingine, na safari hii walioharibiwa mashamba hawakuwa na merikebu ya kukimbilia.

Hapa ndipo hukumu juu ya Columbus inapohitaji uangalifu. Yapo yaliyotendeka kwa sababu hakujua, na yapo yaliyotendeka kwa sababu aliamuru. Hakuna daktari wa karne ya kumi na tano, awe wa Ulaya au wa kwingineko, aliyejua kwamba ugonjwa husafirishwa na vijidudu. Kumshtaki Columbus kwa homa za La Isabela ni kumdai elimu ambayo dunia haikuwa nayo. Lakini dhahabu ilipokosekana na wadai wake huko Uhispania walipoanza kunung'unika, alichagua watu wawe bidhaa. Mnamo Februari 1495 Wataino takriban 550 walipakiwa merikebuni wakauzwe Uhispania, na 200 hivi wakafa baharini. Mwezi uliofuata alipigana na machifu katika uwanda aliouita Vega Real kwa msaada wa wapanda farasi ishirini na mbwa wa vita ishirini. Kisha akatoza kodi: kila mtu wa miaka kumi na minne na zaidi katika nchi ya migodi alete, kila baada ya miezi mitatu, dhahabu ya kujaza njuga moja ya aina wanayofungwa mwewe wa kuwindia, wa sehemu nyingine walete kilo kumi na moja na nusu hivi za pamba. Dhahabu ya kutosha haikuwapo mitoni. Watu walihama mashamba, wakakimbilia milimani, wakaacha kupanda wakitumaini kwamba njaa itawafukuza wageni. Njaa ikaja kweli mwaka wa 1495 na 1496, ikawaua wao kwanza. Mwili ulionyimwa chakula na kuchoshwa na kazi hauna nguvu ya kupambana na maradhi mageni. Kwa hivyo wanaosema kwamba Wataino waliangamizwa na magonjwa tu, na wanaosema kwamba waliangamizwa na ukatili tu, wote wameshika nusu ya ukweli.

Idadi ya Wataino kabla ya 1492 inabishaniwa mno, makadirio yakianzia laki moja na ushei hadi kupita milioni moja. Hesabu ya Wahispania ya mwaka wa 1514 ilikuta chini ya 30,000 katika kisiwa kizima. Yafaa kuzingatiwa kwamba ndui ilikuwa bado haijafika.

Bahari haikuwa njia ya upande mmoja. Mwaka wa 1495 jeshi la Ufaransa lililokuwa Napoli liliingiwa na maradhi ya zinaa yenye vidonda vya kutisha, na katika miaka michache yakaenea Ulaya nzima. Ubishi kuhusu chimbuko la kaswende umedumu karne tano, ingawa uchunguzi wa vinasaba kutoka mifupa ya kale ya Marekani, uliochapishwa mwaka wa 2024, umeutia nguvu upande wa wale wanaosema kwamba mizizi yake iko ng'ambo ya Atlantiki. Hata hivyo mizani haikulingana. Kaswende iliwatesa Wazungu; haikuwamaliza.

Columbus aliondoka kwa safari ya tatu mwishoni mwa Mei 1498. Kwa mshangao wa historia, mwezi wa Aprili mwaka huo huo Vasco da Gama alikuwa Malindi, ambako alipata rubani wa kumvusha hadi Calicut, akafika huko Mei. Wareno walikuwa wameifikia India yenyewe kwa kuongozwa na watu walioijua njia, wakati Columbus bado anaitafuta mahali ambapo haipo. Yeye alikiona kisiwa cha Trinidad, akayaona maji matamu ya mto Orinoco yakimiminika baharini, na badala ya kuhitimisha tu kwamba mto mkubwa ni dalili ya bara kubwa, akadhani yuko karibu na bustani ya Edeni. Aliporejea kwa watu wake aliwakuta wamemwasi. Malalamiko dhidi ya utawala wake na wa ndugu zake yalikuwa yamefika Uhispania, na mwaka wa 1500 mjumbe wa ufalme, Francisco de Bobadilla, alimtia pingu akamrudisha kwao kama mhalifu. Mfalme na malkia walimfungua, lakini ugavana hakurudishiwa.

Safari yake ya nne na ya mwisho, ya mwaka wa 1502, ina tukio moja dogo lenye uzito. Karibu na kisiwa cha Guanaja, katika pwani ya Honduras, walikutana na mtumbwi mrefu wa wafanyabiashara uliosheheni nguo za pamba, zana za shaba, na mbegu fulani mithili ya lozi. Fernando, mwana wa Columbus aliyekuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, alikuwapo. Miaka mingi baadaye aliandika jinsi wenyewe walivyoinama upesi kuziokota mbegu zile kila zilipoanguka, kana kwamba zimeanguka mboni za macho. Zilikuwa kakao, ambazo katika nchi zile zilitumika pia kama fedha. Columbus alizitazama akapita. Alikuwa akitafuta dhahabu, na mali iliyokuwa mbele yake haikung'aa.

Merikebu zake zilizotobolewa na fukusi wa baharini zilikwama Jamaika mwezi wa Juni 1503, na huko akakaa mwaka mzima akilishwa na Wataino kwa mkate wa muhogo na nyama ya msituni. Wenyeji walipochoka kulisha watu wasiolima, aliwatisha kwa kupatwa kwa mwezi kwa tarehe 29 Februari 1504, ambako alikuwa amekusoma katika majedwali ya wanafalaki. Chakula kikaendelea kuletwa. Amiri wa bahari kuu, mwenye haki ya sehemu ya kumi ya mali ya Indies, aliponea kwa muhogo wa watu wale wale aliowatoza njuga za dhahabu.

Alirudi Uhispania Novemba 1504. Malkia Isabella akafa mwezi huo huo. Columbus alifariki Valladolid tarehe 20 Mei 1506, akiteswa na maumivu ya viungo, akidai haki zake hadi mwisho, na akiwa hajakubali waziwazi kwamba alikofika si Asia. Mabaki yake nayo yaliendelea kusafiri: yalizikwa Valladolid, yakahamishiwa Seville, kisha Santo Domingo, kisha Havana, na mwaka wa 1898 yakarejeshwa Seville, ingawa Santo Domingo bado hudai kwamba mifupa iliyo kwao ndiyo yake.

Mwanahistoria Alfred Crosby alipochapisha kitabu chake mwaka wa 1972 kuhusu kubadilishana huko kwa mimea, wanyama na maradhi, aliupa mkondo mzima jina la Columbus. Jina hilo halimaanishi kwamba Columbus alivibeba vyote. Viazi vya mviringo vilitoka milima ya Andes, ambayo hakuiota hata ndotoni. Nyanya Wazungu walizikuta Meksiko baada ya kifo chake. Ndui ilifika Hispaniola mwishoni mwa 1518, na mwaka wa 1520 ikavuka hadi Meksiko, ikamuua mtawala wa Waazteki, Cuitláhuac, kabla mji wake haujatekwa. Mahindi na muhogo vililetwa Afrika kwa merikebu za Wareno katika karne ya kumi na sita, vikaingia polepole katika mashamba ya mtama, wimbi na uwele, hata leo mtoto wa Kenya hawezi kuufikiria ugali bila mahindi. Lakini merikebu zizo hizo za Atlantiki zilirudi zimejaa watu.

Miwa ndiyo iliyowaita. Vile vipande vilivyopandwa 1493 havikufaulu sana, lakini mwanzoni mwa karne iliyofuata upandaji ulirudiwa, na kufikia miaka ya 1510 vinu vya sukari vilikuwa vikisaga Hispaniola. Wataino wa kuvifanyia kazi hawakuwapo tena kwa idadi iliyotakiwa. Mwezi wa Agosti 1518 Mfalme Charles alitoa leseni ya kupeleka Waafrika 4,000 katika visiwa vile, moja kwa moja kutoka Afrika. Mmoja wa wenye mashamba makubwa ya miwa karibu na Santo Domingo alikuwa gavana mwenyewe, Diego, mwana wa Columbus na mjukuu wa Perestrelo, aliyezaliwa katika visiwa vya sungura na sukari. Siku ya Krismasi ya mwaka wa 1521 watumwa wa shamba lake, wengi wao Wawolofu kutoka Senegambia, walishika walichokuwa nacho mikononi, wakaondoka shambani, na huo ukawa uasi mkubwa wa kwanza wa Waafrika unaojulikana katika nchi zile za ng'ambo. Diego aliwafuata kwa wapanda farasi.